Lenzi ya 50 kwa Leica M ya digitali: Summilux, C Sonnar au Nokton 1.2?

Wadau wa picha, hili swali naulizwa sana na wenzangu wenye Leica M za digitali, zile kamera za Kijerumani za kulenga fokasi kwa mkono, au wanaojipanga kuchukua moja ya mkono wa pili, lenzi ya milimita 50 inayofungua sana ni ipi ya kununua. Na wengi wanakuja tayari wameshapiga hesabu ya namba peke yake, yaani namba ya ufunguzi ikiwa ndogo ndo lenzi inaingiza mwanga zaidi, 0.95 inaizidi 1.2, 1.2 inaizidi 1.4, basi mwenye hela apande na asiye nazo ashuke. Mi hiyo hesabu siikubali kabisa. Kwenye renjifainda, yaani kamera ya kulenga kwa dirisha la pembeni kama hizi, ile namba iliyoandikwa mbele ya lenzi ni nusu ya habari tu, nusu nyingine ni lenzi inaelewana vipi na mtambo wa fokasi uliomo ndani ya kamera, na hapo ndo hela za watu zinapopotelea.

Natumia M10, ile iliyotoka 2017 yenye megapikseli 24, na kazi zangu nyingi ni harusi na picha za watu, Dar na Unguja. Kwa hiyo nikisema mwanga nazungumzia jua la kwetu la saa saba mchana na taa za vibanda vya Forodhani usiku. Watu wa Ulaya wanaoandika kuhusu lenzi hizi wanapiga chini ya mawingu miezi mingi ya mwaka, na mambo kadhaa wanayoyasifia au kuyaponda kwetu huku yanageuka.

Kabla ya lenzi yenyewe lazima tuelewane mtambo unafanyaje kazi manake bila hapo utaona nalalamika bure. Ukichungulia kwenye dirisha la Leica M huangalii kupitia lenzi, unaangalia kupitia dirisha lake pembeni, na katikati kuna kijisanduku chenye picha ya pili, unazungusha pete ya lenzi mpaka hizo picha mbili zinalaliana, hapo umepata fokasi. Kinachounganisha lenzi na dirisha ni kigurudumu kidogo kilichopo juu ndani ya mdomo wa kamera, kinaegemea nyuma ya lenzi, lenzi ikienda mbele au nyuma nacho kinafuata. Ni chuma na chuma tu. Kamera haijui lenzi inaona nini, inajua imesogea kiasi gani, basi. Kwa hiyo lenzi ikiwa na tabia ya kuhamisha fokasi, au kamera ikigongwa kigurudumu kikakaa vibaya kwa kiasi cha unywele, wewe kwenye dirisha utaona kila kitu safi, picha mbili zimelaliana vizuri kabisa, halafu nyumbani kwenye kompyuta unakuta sikio ndo kali na jicho limelegea.

Enzi za filamu hili halikuwa linaumiza sana. Filamu yenyewe haikai bapa moja kwa moja, halafu watu walikuwa wanachapisha picha ndogo. Sensa, kile kipande kinachonasa picha kwenye kamera ya digitali, ni bapa kama kioo na leo mtu anakuza picha mpaka anahesabu kope. Sasa angalia hesabu: lenzi ya 50 ikifunguliwa 1.4 na mtu yuko mita moja, eneo lote lililo kwenye fokasi mbele na nyuma ni kama sentimita 3. Ukimsogelea mpaka sentimita 70, ambapo ndo mwisho wa renjifainda ya Leica, inabaki kama sentimita moja na nusu. Ukiwa na 1.2 hapo inapungua tena. Mtu akivuta pumzi akayumba kidogo, jicho limeshatoka. Ndo maana nasema namba peke yake haitoshi, lenzi ya 1.1 inayokosea fokasi ni hasara kuliko ya 2 inayopatia kila mara.

Haya, C Sonnar. Jina kamili Zeiss C Sonnar T* 1.5/50 ZM, ilitoka 2006, inatengenezwa Japani na Cosina kwa ajili ya Zeiss. Naanza nayo kwa sababu ndo lenzi inayopendwa na kutukanwa kuliko zote kwenye kundi hili, na zote mbili, mapenzi na matusi, zina sababu. Mchoro wake unatoka kwa Ludwig Bertele ambaye mwaka 1932 alichora Sonnar ya 1.5 kwa ajili ya kamera za Contax. Wakati ule vioo vilikuwa havipakwi dawa ya kuzuia mwanga kurudi, kila sehemu kioo kinapokutana na hewa mwanga kidogo unapotea na mwingine unazunguka ndani kuchafua picha, kwa hiyo Bertele akagundisha vioo pamoja kupunguza hizo sehemu. Hii ya leo ina vioo sita kwenye makundi manne, na dawa ya kisasa juu yake, matokeo yake ukipiga mtu akiwa na dirisha nyuma yake picha haipauki, weusi unabaki mweusi. Nimepiga nayo sana ndani ya nyumba za Mji Mkongwe ambapo chumba kina giza na mlango uko wazi unawaka jua, na hapo inatulia kuliko lenzi nyingi nilizowahi kushika.

Halafu ni ndogo! Gramu 250, filta ya milimita 46, ukiivaa kwenye kamera hata dirisha haizibi. Ngozi ya mtu inavyotoka kwa 1.5 kwa kweli sijui niseme nini, ni laini lakini macho yamekaa, nyuma inayeyuka polepole bila kelele, bibi aliyekaa barazani na kanga yake anatoka kama alivyo bila ile hali ya kuchongwa na kisu.

Sasa tatizo. Huo ulaini unatokana na kwamba miale inayopita pembeni ya lenzi na ile inayopita katikati haikutani sehemu moja. Ukiwa umefungua mpaka mwisho, fokasi inakaa mahali fulani. Ukifunga mpaka 2.8 miale ya pembeni inakatwa, na sehemu kali inahamia nyuma. Zeiss wanalijua hili na hawajawahi kulificha, mwanzo lenzi zilikuwa zinasetiwa zipatie kwenye 2.8, maana yake ukifungua 1.5 unapata mbele ya ulipolenga, baadaye nyingi zikawa zinasetiwa kwa 1.5, maana yake ukifunga 2.8 au 4 kwa mtu wa karibu unapata nyuma ya ulipolenga. Hakuna seti inayoponya vyote viwili, ni tabia ya mchoro wenyewe. Ukifika 5.6 eneo la fokasi limeshakuwa pana linafunika kosa, na mtu akiwa mbali, mita tatu nne na kuendelea, hutaona shida. Ila kwenye mita moja kwa 2.8, utaona.

Kwa hiyo kama unanunua ya mkono wa pili muulize muuzaji imesetiwa kwa ipi, na kama hajui, ipime mwenyewe, mwishoni nitaeleza namna. Jambo lingine, haisogei karibu zaidi ya sentimita 90. Kwa picha ya pete kwenye kidole au hina mkononi mwa bibi harusi hiyo ni mbali mno, utakata picha baadaye. Mi C Sonnar naipenda kwa moyo wangu wote lakini siwezi kumwambia mtu aifanye lenzi yake pekee ya kazi. Harusini unafungua unafunga kila dakika, sherehe inahama kutoka uani kwenye jua kwenda ndani kwenye taa, huna muda wa kukumbuka kwamba sasa niko 2.8 niegemee nyuma kidogo. Kama unapiga picha za watu kwa utulivu, moja moja, na utakaa kwenye 1.5 hiyohiyo siku nzima, basi hakuna lenzi kwenye bei ile, dola elfu moja na kitu, itakayokupa sura kama ile.

Summilux, lenzi ya Leica wenyewe, ndo upande wa pili kabisa. Summilux ya kwanza ya 50 ilitoka 1959, lakini tunayoizungumzia hapa ni ya ASPH ya 2004 iliyochorwa na Peter Karbe, vioo vinane kwenye makundi matano, na kuna kundi la vioo ndani linalojisogeza lenyewe kadri unavyokaribia mtu. Hicho ndo kitu unacholipia. Lenzi nyingi zinachorwa ziwe bora kwa mbali na ukisogea karibu zinalegea, hii inajirekebisha, kwa 1.4 mita moja ni kali kama ilivyo kwa 1.4 mita kumi. Na fokasi iko palepale ukifungua ukifunga. Nimekaa nayo ya kuazima kwa muda mzuri tu na kilichonishangaza haikuwa ukali, ukali niliutegemea, ni kwamba niliacha kuifikiria. Unalaza picha mbili, unabonyeza, jicho liko pale.

Ile nyeusi ni gramu 335, ina kofia yake ya kuzuia jua ya kuvuta mbele, filta 46 hiyohiyo ya C Sonnar, na ina kile kidole cha chini cha kushikia fokasi ambacho ukishakizoea unajua mtu yuko umbali gani kabla hujainua kamera usoni. Pete yake ni nzito kidogo kuzungusha kwa sababu ya lile kundi la vioo linalosogea ndani. Mwaka 2023 ikatoka mpya inayosogea mpaka sentimita 45, nzuri, ila kumbuka renjifainda inaishia 70, chini ya hapo lazima uangalie kwenye skrini ya nyuma, kwa hiyo kwa mwenye M9 ambayo haioneshi picha moja kwa moja kwenye skrini hilo ongezeko halimsaidii chochote.

Bei sasa. Mpya ni zaidi ya dola 4,000. Hiyo ni hela ya kununulia pikipiki zaidi ya moja. Mkono wa pili ya 2004 inashuka lakini haishuki sana, vitu vya Leica vinashika bei, na hilo kwa upande mwingine ni faraja, ukiitunza siku ukiuza hutoki mikono mitupu.

Kuna jambo moja kuhusu Summilux ambalo sijaona likisemwa na wengi na kwetu lina uzito. Kontrasti yake, yaani tofauti kati ya weupe na weusi kwenye picha, ni kubwa. Chini ya mawingu hiyo ni sifa, picha inachangamka. Kwenye jua la saa saba, mzee mwenye ngozi nyeusi amevaa kanzu nyeupe na kofia, tofauti ya mwanga kati ya kanzu na shavu lililo kivulini tayari ni kubwa mno, na lenzi yenye kontrasti kubwa inaongeza. M10 ukiunguza weupe haurudi, umekwenda, lakini giza ukiliinua baadaye linakuja vizuri, kwa hiyo mi napima mwanga kwa kanzu halafu uso nauinua kwenye kompyuta. Hapo lenzi yenye kontrasti ya wastani inaniachia uso wenye habari zaidi. Sio kwamba Summilux haifai, inafaa sana, ila usidhani kila sifa iliyoandikwa Wetzlar, kwao Leica kule Ujerumani, itakuwa sifa Kariakoo.

Na sasa Nokton 50 ya 1.2, ambayo ndo iko kwenye kamera yangu siku nyingi. Jina Voigtländer ni la tangu 1756 kule Vienna lakini lenzi za leo zinatengenezwa na Cosina, walewale wanaotengeneza C Sonnar ya Zeiss. Hii 1.2 ilitoka 2018, vioo vinane kwenye makundi sita, gramu 347, filta 52, vibati kumi na viwili vya kufungulia na kufunga mwanga, na inasogea mpaka sentimita 70. Bei mpya ni karibu na dola elfu moja, kwa wauzaji wa Japani mkono wa pili unapata chini ya hapo ikiwa safi kama mpya, Wajapani wanatunza vitu jamani.

Kwa 1.2 katikati ni kali ya kutosha kuhesabu kope, pembeni ina ulaini na kona zina giza, na hilo giza la kona mi nalipenda kwa picha ya mtu kwa sababu linambana katikati. Ukifunga mpaka 2 ulaini unakauka, ukifika 4 ni lenzi ya kawaida kali kona mpaka kona. Fokasi inahama kidogo sana ukiilinganisha na Sonnar, kiasi kwamba kwa kazi sijawahi kulazimika kuifikiria. Hiki ndo kilichoniamulia. Unapata lenzi yenye tabia yake ukiifungua, na ukiifunga inakuwa mtumishi mtiifu, bila kukudai ukumbuke hesabu za kuegemea mbele au nyuma.

Mapungufu yapo. Ni nene, kwenye dirisha inakula kona ya chini kulia, na ukiiwekea kofia inakula zaidi, mi nimeivua kofia siku nyingi. Nyuma ya mtu kukiwa na majani yenye vitundu vya jua, mfano mwarobaini au mwembe saa kumi jioni, ule mviringo wa kila kitundu unakuwa na ukingo na nyuma inakuwa na fujo kuliko ya Sonnar. Na taa kali usiku kwenye kona zinavutika kidogo zinakuwa na mabawa. Usiku wa Forodhani na zile taa zote za vibanda utaliona hilo kama utaliangalia, mteja hatoliangalia.

Noctilux, ile 50 ya Leica inayofungua kuliko zote, niiseme haraka. Ya kwanza 1966 ilikuwa 1.2, ya pili 1976 ikawa 1.0 iliyochorwa Kanada na Walter Mandler, ya 2008 ndo 0.95. Ina gramu 700 wakati M10 yenyewe na betri ni 660, yaani lenzi inaizidi kamera uzito. Haisogei karibu zaidi ya mita moja, inaziba dirisha sehemu kubwa, na bei ni zaidi ya dola 10,000. Mwanga inaoingiza ni mara mbili na kidogo ya 1.4, stopu moja na punje, stopu moja ni mwanga kuzidi au kupungua mara mbili. Niliishika kwa jioni moja tu na picha zake ni nzuri sana, ule ulimwengu unaoyeyuka mita mbili nyuma ya mtu huupati kwingine, lakini kwa hela hiyo unanunua Summilux, Nokton na kamera ya pili. Mwenye nazo ainunue kwa furaha, simzuii.

Wenye mfuko mdogo wanauliza 7Artisans 50 ya 1.1 ya China. Ilipotoka ilikuwa chini ya dola 400 na ina jambo moja zuri ambalo natamani wote wangeliiga, sehemu ya nyuma inayosukuma kile kigurudumu ina skrubu, unaweza kuirekebisha mwenyewe ikubaliane na kamera yako. Mchoro wake una ukoo na Sonnar kwa hiyo na fokasi yake inahama, na pembeni kwa 1.1 ni ndoto tupu. Kama lenzi ya kujifunzia na kuchezea ni sawa kabisa. Harusi ya mtu usiipeleke kama ndo lenzi pekee begani.

Sasa kuna swali ambalo watu hawajiulizi, je unaihitaji kweli hiyo 1.4 au 1.2? Mwaka 1976 mtu alikuwa na filamu ya ISO 400, ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga, gizani hana ujanja, Noctilux ilikuwa chombo cha kazi. M10 kwa ISO 3200 inatoa picha safi na 6400 bado inakubalika. Kati ya 2 na 1.4 ni stopu moja, yaani mahali ambapo 1.4 inakupa shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya sekunde 1/125, ile ya 2 inakupa 1/60. Kwa mtu anayeimba taarab ameketi, 1/60 inatosha. Summicron ya Leica ya 2 au Planar ya Zeiss ya 2 ni ndogo, nyepesi, hazina maneno, na zinapatia fokasi bila kukudai chochote. Ukisema unataka lenzi ya kuona gizani tu, chukua hizo na utunze hela. Ukisema unataka ile sura, mtu ametoka nje ya dunia yake kidogo na nyuma imelainika, hapo ndo unazungumza habari ya 1.5 na 1.2. Wanaochomeka namba kubwa kwenye bajeti kwa ajili ya giza peke yake nawaambia kabisa wanajipunja.

Na mchana? Hapa kwetu ndo kesi ngumu. Jua kali la wazi kwa ISO 100 na lenzi ikiwa 1.4 linataka shata ya kama 1/13,000, na M10 mwisho wake ni 1/4000. Kwa 2.8 unaingia kwenye 1/3200 hivi, salama, lakini 2 tayari umevuka. M11 ya 2022 inaanzia ISO 64 na ina shata ya kielektroniki mpaka 1/16,000 kwa hiyo wenye hiyo hawana shida sana, ingawa shata hiyo ina tabia ya kupindisha vitu vinavyokwenda kasi. Sisi wengine tununue filta ya ND8, ile inayopunguza mwanga mara nane, ukiwa na 1.2 inakuletea shata kwenye 1/2000 na kitu. Na hapa renjifainda ina raha yake, filta ni nyeusi lakini dirisha halina habari nayo, unaendelea kuona kama kawaida kwa sababu huangalii kupitia lenzi. Kabla hujanunua lenzi angalia bei ya filta ya saizi yake, 46 inatumika kwa Summilux ya 2004 na C Sonnar, 52 kwa Nokton inapatikana kirahisi kila mahali, 60 ya Noctilux itakusumbua.

Wenye M8 nisiwasahau, sensa yenu ni ndogo, 50 inakuwa kama 67, kwa hiyo lenzi ya kawaida kwenu ni 35, na hata hizi za 50 mkizinunua mnazinunua kama lenzi za picha za uso. Habari ya zile alama za pembeni ya mdomo wa lenzi ambazo kamera inazisoma ijue ni ipi, lenzi zisizo za Leica nyingi hazina, kuanzia M9 unaingia kwenye menyu unachagua mwenyewe Leica inayofanana nayo. Kwa 50 tofauti ni giza la kona tu. Haina maana ya kukukosesha usingizi.

Kinachopaswa kukukosesha usingizi ni fangasi. Pwani yetu hewa ina maji na chumvi mwaka mzima, na hizi lenzi hazina mpira wa kuzuia unyevu kokote. Lenzi ikikaa kwenye mkoba wa ngozi kabatini, inaota nyuzi ndani. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pakiti za silika jeli ndani, kipimo cha unyevu cha bei rahisi, lenga asilimia 40 mpaka 50 hivi, na silika ukiona imebadilika rangi ikaushe. Ukitoka baharini au Forodhani upepo ukivuma, pangusa kwa kitambaa kabla hujalala. Kwa lenzi ya dola elfu moja hii ndo bima pekee uliyonayo, manake fundi wa kufungua lenzi ya M na kuisafisha bila kuiharibu seti yake huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, wengi wetu tunatuma nje na kusubiri miezi.

Kwa hiyo uamuzi wangu. Mwenye hela na kazi inayomlipa, Summilux ya 2004 mkono wa pili, usihangaike na ya 2023 kama huna mpango wa kupiga vitu vya karibu sana. Anayefanya kazi na hana dola elfu nne, ambao ndo sisi wengi, Nokton 1.2, na sioni cha pili kinachoikaribia kwa bei ile. Mpenda picha za watu mwenye subira ambaye tayari ana lenzi nyingine ya kazi, C Sonnar, na ataipenda kuliko watu wote niliowataja hapa wanavyozipenda za kwao.

Kupima niliyoahidi. Weka rula au gazeti kwenye meza kwa kulaza mshazari, kamera kwenye stendi, mita moja. Laza picha mbili kwenye mstari mmoja unaouona vizuri, piga kwa kufungua mwisho, halafu bila kugusa pete ya fokasi piga 2, 2.8, 4, 5.6. Angalia kwenye kompyuta sehemu kali ilipo. Rudia kwa kuanza fokasi upya mara kadhaa maana macho nayo hukosea. Kama sehemu kali imehama kadri unavyofunga, hiyo ni tabia ya lenzi, hakuna fundi wa kuiondoa, utaamua kama unaweza kuishi nayo. Kama imekosea tangu mwanzo kwa kiasi kilekile kwenye namba zote, hiyo ni seti, na inarekebishika. Hapo chukua lenzi nyingine yoyote uifanyie hivyohivyo kwenye kamera hiyohiyo. Ikikosea upande uleule, lenzi yako ni nzima, mgonjwa ni kamera, kigurudumu kimesogea, na kwa anayepanda bodaboda na begi mgongoni kila siku hilo si la ajabu. Tuma kamera, lenzi baki nayo.